Mwisho wa Ulimwengu si Kiyama: Deni la Wanakiswahili kwa Elimu ya Falaki

Atajapo mtu mwisho wa ulimwengu mbele ya hadhira ya Waswahili, iwe katika ukumbi wa mihadhara au penye baraza ya kahawa, hadhira hiyo aghalabu husikia neno jingine ambalo halikutamkwa: Kiyama. Wapo watakaovuta uradi, wapo watakaocheka, na hawakosi wa kuuliza ni mwaka gani. Hili si kosa la hadhira. Lugha yenyewe imewazoesha hivyo. Katika Kiswahili cha kila siku, ulimwengu na dunia ni maneno yanayopokezana nafasi bila mtu kushtuka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo wa methali si nyota wala sayari. Ni watu, ni jirani, ni mwajiri, ni njaa. Malimwengu nayo ni mambo ya waja na hadaa zake. Basi mwanafalaki anaposema kwamba ulimwengu una mwisho, msikilizaji huona mwisho wa mji wake, wa ukoo wake na wa nafsi yake, ilhali mwenziwe anazungumzia kitu kingine kabisa.

Kitu hicho ni jumla ya mahali pote na wakati wote, pamoja na maada na nishati zote zilizomo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Galaksi moja tu miongoni mwa zilizomo, hii yetu iitwayo Njia Nyeupe, ina nyota zaidi ya bilioni 100, na mojawapo ni jua hili linaloanikiwa mihogo. Dunia ni kokoto inayoizunguka nyota hiyo. Kusema kwamba dunia itakwisha na kusema kwamba ulimwengu utakwisha ni kauli mbili zilizoachana mbali kuliko kusema kwamba kibatari kimezimika na kusema kwamba moto haupo tena popote.

Tofauti hii si ya kifizikia pekee. Ni ya kiisimu vilevile, na ndiyo maana inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Nadharia za kisayansi kuhusu hatima ya ulimwengu zinaingia katika Kiswahili kupitia redio, magazeti na simu za mkononi, zikiwa zimevikwa majina yaliyotafsiriwa neno kwa neno, na mengi ya majina hayo yanapotosha. Idara za Kiswahili zimekaa kando zikidhani kwamba jambo hili ni la idara za fizikia. Idara za fizikia nazo hufundisha kwa Kiingereza na hazioni sababu ya kujishughulisha. Mtoto huyu amebaki bila mlezi.

Yafaa kwanza kuitenga Kiyama na falaki, kwa heshima ya pande zote mbili. Neno Kiyama lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kusimama au kuinuka: wafu huinuka wakasimama mbele ya Muumba wao. Kwa hiyo hata kwa maana yake ya asili, Kiyama si kwisha, ni kuinuka. Ni siku yenye shabaha. Ina hakimu, ina wahukumiwa, ina malipo. Tenzi za kidini za Waswahili zimeieleza siku hiyo kwa upana, na washairi wa pwani hawakuhitaji darubini ili kuutafakari mwisho. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate na majumba yaliyokuwa na fahari, akauonya moyo wake. Hapo kuporomoka kwa mji ni funzo la kimaadili. Katika nadharia za wanafalaki hakuna funzo la aina hiyo. Nyota haizimiki kwa sababu ilikosa. Inazimika kwa sababu haidrojeni imekwisha. Anayezifanya nadharia hizi ziwe ushahidi wa Kiyama, na anayezifanya ziwe hoja za kuikanusha, wote wawili wamekosea mlango. Moja ni imani kuhusu kusudi, nyingine ni hesabu kuhusu tokeo.

Aidha, mwisho wa dunia yenyewe katika hesabu hizo ni jambo dogo la mapema. Jua lina takriban miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na takriban bilioni 5 za kuteketeza haidrojeni katika kiini chake. Mwangaza wake unaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na makadirio mengi yanaonyesha kwamba baada ya bilioni moja hivi joto litatosha kuzikausha bahari. Baadaye jua litavimba liwe jitu jekundu, liimeze Utaridi na Zuhura, na pengine dunia pia. Kisha litabaki jiwe dogo jeupe linalopoa polepole. Wakati huo wote, ulimwengu hautakuwa umehisi lolote. Nyota nyingine zitakuwa zinazaliwa.

Mwisho wa ulimwengu wenyewe ulianza kuwa suala la kisayansi lenye vipimo pale ilipogunduliwa kwamba ulimwengu hautulii. Albert Einstein, mwaka 1917, aliutaka utulie, akaingiza katika milinganyo yake kipimo maalumu cha kuuzuia usijiporomokee. Alexander Friedmann alionyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo hiyohiyo inaruhusu ulimwengu upanuke au usinyae. Georges Lemaître, padri Mbelgiji, alilihusisha wazo la upanukaji na vipimo vya galaksi mwaka 1927, na Edwin Hubble akachapisha mwaka 1929 matokeo yaliyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi kutoka kwetu. Ukirudishwa nyuma kwa fikra, upanukaji huo unafika kwenye mwanzo wa joto na msongamano usiosemeka, ambao kwa Kiswahili umezoeleka kuitwa Mlipuko Mkuu.

Hapa pana mkasa ambao kila mwanafunzi wa istilahi anapaswa kuujua. Jina la Kiingereza lililozaa Mlipuko Mkuu lilitolewa na Fred Hoyle katika matangazo ya redio ya BBC mwaka 1949, na Hoyle alikuwa mpinzani wa nadharia hiyo. Jina la mpinzani likashika. Nalo ni jina bovu, kwani hapakuwa na mahali patupu ambapo kitu kililipuka na vipande vikatapakaa. Mahali penyewe ndipo palipopanuka. Kiingereza kilijikwaa, na Kiswahili kikajikwaa nyuma yake pasipo lazima, kama mtu anayeruka kwa sababu aliye mbele yake ameruka, ilhali shimo halipo.

Kutokana na upanukaji huo, swali la mwisho lilikuwa rahisi kwa miongo mingi. Mtu akirusha embe juu, litapanda likipunguza mwendo, kisha litarudi. Akiweza kulirusha kwa kasi ya kilomita zaidi ya 11 kwa sekunde, bila kizuizi cha hewa, halitarudi kamwe. Galaksi nazo zinavutana kwa kani ya uvutano. Ikiwa maada iliyopo ni nyingi ya kutosha, upanukaji utasimama na kila kitu kitarejea, galaksi zigongane, anga iwake kwa joto, hadi vyote visagwe pamoja. Hatima hiyo inaweza kuitwa Msinyao Mkuu. Ikiwa maada ni haba, upanukaji utaendelea milele ukipungua kasi. Kilichobaki, walidhani wengi, ni kupima tu.

Walipopima, walishangaa. Mwaka 1998 vikundi viwili vya watafiti, vikitumia nyota zinazolipuka kwa mwangaza unaoweza kukadiriwa, viligundua kwamba upanukaji haupungui kasi. Unaongezeka. Embe lililorushwa linapanda na kuzidi kukimbia. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011 kwa ugunduzi huo. Kinachosukuma hakijulikani hata leo. Michael Turner alikipa jina mwaka 1998, jina ambalo kwa Kiswahili hutokea kama nguvu nyeusi, nguvu za giza au nishati ya giza, kutegemea mfasiri na haraka yake.

Nguvu za giza! Mswahili anayesikia kwamba asilimia 68 hivi ya vyote vilivyomo ulimwenguni ni nguvu za giza ana haki ya kumtafuta mchungaji au shehe. Neno nguvu peke yake linabeba mizigo minne kwa wakati mmoja: misuli, mamlaka, uchawi na umeme. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi nchini Tanzania vimetofautisha kwa miaka mingi kati ya kani, inayosukuma au kuvuta, na nishati, ambayo ni uwezo wa kufanya kazi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa hivyo istilahi hazikosekani. Wanaokosekana ni wa kuzitumia. Ama kuhusu giza na weusi, kitu chenyewe si cheusi. Hakizuii nuru wala hakina rangi. Kimejificha. Wanafunzi wa fasihi wana kivumishi kinachofaa ambacho wamekitumia tangu kidato cha kwanza wanapochambua maana fiche ya shairi. Nishati fiche ni jina linalosema kweli: ipo, athari yake inaonekana, yenyewe haionekani. Vivyo hivyo kwa maada fiche, ambayo ni kama asilimia 27, na ambayo hujulikana kwa uvutano wake tu. Maada ya kawaida, yaani nyota, milima, maji na wanadamu, haizidi asilimia 5.

Hatima inayotajwa na wanafalaki wengi leo, iwapo nishati fiche itabaki kama ilivyo, ndiyo iliyodhulumiwa zaidi na tafsiri. Kiingereza huiita kwa maneno mawili ambayo yakigeuzwa moja kwa moja huwa kifo cha joto. Mswahili akisikia kifo cha joto anafikiria nini? Anafikiria kufa kwa kuungua, kama vile kifo cha maji ni kufa kwa kuzama. Akifika hapo, moto wa jahanamu hauko mbali, na Kiyama imerudi kwa mlango wa nyuma. Ukweli ni kinyume. Katika hatima hiyo ulimwengu unakaribia baridi kamili.

Yafaa kuieleza kwa kikombe cha chai. Chai ya moto ikiachwa mezani hupoa, na hakuna aliyewahi kuona chai vuguvugu ikichemka yenyewe kwa kukusanya joto kutoka chumbani. Joto lake halikupotea; limetapakaa. Tofauti kati ya kikombe na chumba ikiisha, hakuna kazi inayoweza kufanywa kwa joto hilo, ingawa kiasi chake ni kilekile. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alizungumzia kutapakaa huko mwaka 1852. Hermann von Helmholtz alilipeleka wazo hilo hadi kwa ulimwengu mzima katika mhadhara wa mwaka 1854. Rudolf Clausius, mwaka 1865, aliona kwamba dhana hii haina jina, akaunda neno entropia kutokana na Kigiriki, makusudi ili lifanane na neno la nishati ambalo wanasayansi walikuwa wamekwisha kulizoea. Mjerumani huyo hakuwa na idara ya lugha. Alikaa akatunga, kwa kanuni, kama anavyofundishwa mwanafunzi wa uundaji wa istilahi mwaka wa pili.

Kinachokufa basi ni tofauti ya joto kati ya mahali na mahali. Jina kama Upoaji Mkuu lingemwelekeza msikilizaji upande ulio sahihi, ijapokuwa vijana wa Nairobi, ambao kwao kila jambo jema ni poa, huenda wakalipokea kwa furaha isiyostahili.

Upoaji huo una hatua, na Fred Adams na Gregory Laughlin walizipanga katika makala ya kitaalamu ya mwaka 1997. Nyota mpya zitaendelea kuzaliwa hadi gesi itakapokwisha. Zile ndogo nyekundu, zinazotumia haidrojeni kwa ubahili mkubwa, zitadumu kwa matrilioni ya miaka. Katika muda wa takriban miaka trilioni 100 nuru ya nyota itakuwa imekwisha. Yatabaki mabaki: nyota zilizokufa, sayari zilizoganda, na mashimo meusi. Pengine protoni, matofali ya maada yenyewe, zitavunjika pia; majaribio nchini Japani hayajaona hata moja ikivunjika, na yameonyesha kwamba kama zinavunjika, maisha yake ni zaidi ya tarakimu 1 inayofuatwa na sufuri 34 za miaka. Mashimo meusi nayo, kama alivyoonyesha Stephen Hawking mwaka 1974 kwa njia ya hesabu, huvuja mnururisho na kuyeyuka. La uzito wa jua litachukua miaka inayoandikwa kwa sufuri 67. Makubwa kabisa yatahitaji sufuri 100 hivi. Baada ya hapo hakuna cha kusimulia.

Kabla ya kufika huko kuna jambo la karibu zaidi, na kwa msomi ndilo la kuhuzunisha. Lawrence Krauss na Robert Scherrer waliandika mwaka 2007 kwamba upanukaji unaoongezeka kasi utazifanya galaksi za mbali zipotee zote kwenye upeo wa kuonekana. Baada ya takriban miaka bilioni 100, mwanafalaki atakayekuwapo ataona galaksi yake na majirani zake waliokwisha kuungana nayo, na nje ya hapo utupu. Hatakuwa na namna ya kujua kwamba ulimwengu unapanuka, wala kwamba ulikuwa na mwanzo wa joto, kwani hata mnururisho wa mwanzo, ambao leo una halijoto ya nyuzi 2.7 juu ya sufuri halisi, utakuwa umefifia usipimike. Akitumia vipimo sahihi na akili timamu, atahitimisha kwamba ulimwengu ni galaksi moja iliyotulia. Atakuwa amekosea, na hapatakuwa na ushahidi wa kumsahihisha.

Mashimo meusi yanaurejesha mjadala huu pwani ya Kenya, kwa njia ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Uchunguzi wake ulisaidia kulitambua umbo liitwalo Cygnus X-1, ambalo baadaye lilikubaliwa kuwa shimo jeusi, na uligundua gesi ya moto mno iliyojaa kati ya galaksi zilizo katika vishada. Orodha yake ya nne ilichapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na hadi leo vyanzo hivyo huandikwa katika majarida ya kitaalamu vikitanguliwa na 4U. Herufi hiyo ya U ni ya neno la Kiswahili. Maprofesa wa Tokyo na Chicago huiandika bila kujua maana yake, na wanafunzi wa Kiswahili wanaoijua maana hawajui kwamba imeandikwa.

Zipo hatima nyingine. Mwaka 2003 Robert Caldwell na wenzake waliuliza itakuwaje iwapo nishati fiche itazidi kuwa kali kadiri ulimwengu unavyopanuka. Jibu lao ni Mraruko Mkuu. Katika mfano mmoja walioupiga hesabu, mwisho uko miaka bilioni 22 mbele. Miaka milioni 60 kabla yake Njia Nyeupe inasambaratika. Miezi mitatu kabla, sayari zinaachana na jua lao. Nusu saa kabla, dunia, kama ingalikuwapo, inapasuka, na mwishowe atomu zenyewe zinararuliwa. Ni nadharia tete, na vipimo havijailazimisha. Hata hivyo inafundisha kwamba kosa dogo katika kuijua nishati fiche leo hubadilisha hatima nzima.

Nyingine ni ya kuporomoka kwa ombwe, iliyochambuliwa na Sidney Coleman mwaka 1977. Ombwe katika fizikia si utupu mtupu. Lina kiwango fulani cha nishati, na huenda kiwango hicho si cha chini kabisa. Kama sivyo, siku moja mahali fulani linaweza kuteremka hadi kiwango cha chini, na puto la hali hiyo mpya lingetanuka kwa kasi inayokaribia ya nuru likibadilisha kanuni za maumbile zote linapopita. Hakuna ambaye angeliona likija, kwa sababu habari zake zingefika pamoja nalo. Kupatikana kwa chembe ya Higgs huko CERN mwaka 2012, na uzito wake ulivyo, kumefanya wazo hili lisiweze kupuuzwa, ingawa muda unaokadiriwa ni mrefu kupita kiasi ukilinganishwa na umri wa ulimwengu. Ama nadharia za mzunguko, kama ile ya Paul Steinhardt na Neil Turok ya mwaka 2002 inayosema kwamba mwisho mmoja ni mwanzo wa mwingine, zinavutia zaidi kuliko zilivyothibitishwa.

Watakuwapo wanaouliza: haya yote yana haja gani kwa mtu anayesomea Kiswahili, ambaye ana riwaya za kuhakiki na mofimu za kuainisha? Swali hilo linasahau historia ya taaluma yenyewe. Fonimu, mofimu, semantiki, umuundo, naratolojia: hakuna hata moja iliyozaliwa Lamu wala Unguja. Isimu ya kisasa iliingia kutoka nje kama ilivyoingia fizikia, na ikapata makao katika Kiswahili kwa miongo michache tu, kwa sababu ilifundishwa kwa Kiswahili, ikaandikiwa vitabu kwa Kiswahili na, lililo kubwa, ikatahiniwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kueleza nadharia ya Chomsky kwa Kiswahili fasaha hana udhuru wa kudai kwamba lugha hiyohiyo haiwezi kueleza nadharia ya Hawking. Na watunzi wamekwisha kutangulia. Katama Mkangi alimrusha Dzombo angani katika Walenisi mwaka 1995, na Euphrase Kezilahabi katika Mzingile, mwaka 1991, alimtembeza msomaji katika magofu ya dunia iliyokwisha kuangamia. Wahakiki wanapozisoma kazi hizo hukimbilia ishara na istiari. Ni nadra kuuliza mwisho unaosawiriwa ni mwisho wa nini, wa jamii, wa dunia au wa ulimwengu.

Wengine watasema kwamba Kiingereza kinatosha, kwani anayetaka falaki atakwenda kuisoma humo. Hoja hii ina nguvu kwa mtafiti. Haina nguvu kwa nyanya aliyeko Taveta anayesikiliza redio na kuambiwa kwamba nguvu za giza zimegunduliwa Marekani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haikusema kwamba ni lugha ya ngano na hotuba pekee.

Jambo linaloweza kufanywa ni dogo, na halihitaji fedha za mfadhili. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza kila mwaka, katika kila idara, ielekezwe kwenye istilahi za tawi moja la sayansi, na mwanafunzi wake akae na mwalimu wa fizikia hadi waelewane. Mwalimu wa fizikia ndiye atakayesema kitu chenyewe ni nini. Mwanakiswahili ndiye atakayekataa jina linalodanganya. Leo kila mmoja anafanya kazi ya mwenziwe, na vibaya.

Wakati wa kufanya hivyo ni huu, maana sayansi yenyewe inatikisika. Katika kilele cha Kitt Peak huko Arizona kuna chombo kiitwacho DESI, chenye nyuzi 5,000 zinazopokea nuru ya galaksi nyingi kwa mpigo. Matokeo yake ya Aprili 2024, na yale ya Machi 2025 yaliyotegemea galaksi na kwasa karibu milioni 15, yamedokeza kwamba nishati fiche huenda inadhoofika kadiri wakati unavyopita. Kutegemea data zilizounganishwa nayo, uzito wa dokezo hilo ulikuwa kati ya 2.8 na 4.2 katika kipimo ambacho wanafizikia hudai lifike 5 kabla ya kutangaza ugunduzi. Bado ni nadharia tete, neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyeandika pendekezo la utafiti asiyelijua. Ikithibitika, Mraruko Mkuu utakuwa umesogea mbali, Upoaji Mkuu hautakuwa tena jibu la pekee, na Msinyao Mkuu, uliodhaniwa kuzikwa mwaka 1998, utaweza kurudi kwenye mjadala. Jina la Kiingereza la kile kipimo cha Einstein lina neno la kutobadilika ndani yake, na wenye Kiingereza watalazimika kuishi nalo hata kama kitu chenyewe kimebadilika. Kiswahili bado hakijalisanifisha jina lake.